Mti Haupandwi Siku Moja

Katika shule ya sekondari niliyosoma, mti ulikuwa adhabu. Aliyechelewa paredi ya asubuhi alimwagilia miti. Aliyekutwa akipiga soga wakati wa prepu alichimba mashimo, futi mbili kwenda chini na futi mbili kwa upana, na mwalimu wa zamu alikuja na rula kuyapima. Aliyetoroka kwenda mjini kutazama mpira alikabidhiwa safu nzima ya mivinje, kutoka langoni hadi bwaloni, aitunze kwa majuma mawili. Basi, ndugu msomaji, usishangae nikikuambia kwamba miti ile haikustawi. Walikuwapo waliong'oa michache usiku ili asubuhi ndoo za kubeba zipungue. Walikuwapo walioimwagia maji ya kufulia. Hakuna aliyewasema, kwa kuwa kila mmoja wetu alijua kwamba siku yake ya kuadhibiwa ingefika.

Jambo hili limenifikirisha kwa miaka mingi, maana silo lililokusudiwa. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe mahali pa kusoma na pa kuzalisha kwa pamoja, na mwanafunzi ashiriki katika kulima na pia katika kupanga nini kilimwe na mapato yatumikeje. Kazi ya mikono ilitakiwa impe kijana heshima. Miaka thelathini baadaye, katika shule nyingi jembe lilikuwa limebaki lakini yale mashauriano yalikuwa yameondoka. Jembe lisilo na mashauriano ni fimbo yenye mpini mrefu.

Nimeyatanguliza haya ili unielewe nikikusimulia juma moja la mwezi Juni mwaka 1996. Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni kusini ya mji wa Tanga, upande wa njia iendayo Pangani. Mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka shuleni kilikuwapo kijiji cha wavuvi, na kijiji hicho ndiko alikozaliwa mama yangu.

Ulimwengu huadhimisha Siku ya Mazingira tarehe 5 Juni kila mwaka, kwa kukumbuka mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 1972. Mwaka ule tuliambiwa kwamba maadhimisho ya eneo letu yangefanyika katika kijiji hicho, na kwamba shule itoe wanafunzi arobaini wa kujitolea kupanda mikoko kwa juma zima. Neno kujitolea lina historia yake kwetu. Mara nyingi mtu huambiwa ajitolee, na asiyejitolea jina lake huandikwa. Kwa hiyo mkuu wa shule alipouliza paredini nani atajitolea, watu walitazama viatu vyao. Kisha ikatajwa pilau itakayoliwa siku ya kilele, na mikono ikaanza kunyanyuka kama mahindi baada ya mvua. Nami nilinyanyua wangu. Pilau niliitaka, lakini zaidi nilitaka kumwona mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa akinilipia ada.

Mwalimu wetu wa hisabati hakupendezwa. Mitihani ya muhula ilikuwa inaanza Jumatatu ya tarehe 10, na yeye alikuwa na mada mbili hajazimaliza. Alisimama mlangoni akatutazama tukifunga kamba za viatu, akasema, "Haya, nendeni. Juma lijalo mtawauliza hao mikoko iks ni ngapi." Tulicheka, lakini si kwa raha. Mzazi wa kijijini akishauza mbuzi ili mtoto asome, kipindi kimoja kilichopotea ni kipande cha yule mbuzi.

Jumatatu tuliondoka shuleni saa tatu asubuhi. Mwezi ulikuwa umepevuka Jumamosi iliyotangulia, kwa hiyo ilikuwa bamvua, na karibu saa tano maji yalikupwa mpaka bahari ikawa mstari mwembamba wa buluu kule mbali. Kazi ya siku ile ilikuwa kukusanya mbegu. Mkoko, kwa asiyeujua, hauangushi mbegu kavu kama mwarobaini. Mbegu yake huota ingali juu ya mama yake, ikarefuka na kuning'inia kama kijiti cha kijani, urefu wa kiwiko hadi vidole, ncha yake imechongoka. Ikikomaa, shingoni mwake hutokea pete ya rangi ya manjano, na hapo ukiigusa tu huachia. Ile isiyo na pete ukiivuta kwa nguvu, umeua mtoto aliyekuwa hajazaliwa.

Aliyetufundisha hayo hakuwa mtaalamu aliyekuja na gari. Alikuwa bibi mmoja wa kijijini, mchuma chaza, mwenye kanga iliyofungwa kiunoni na miguu iliyozoea tope kuliko sakafu. Sote tulimwita Bibi, naye alituita wajukuu. Alituonyesha miti tuliyokuwa tukiiita yote kwa jina moja la mikoko, kumbe kila mmoja una jina lake na makazi yake. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi, na mizizi yake huchomoza juu ya tope kama pegi za kuanikia nguo. Mbao zake hutengenezwa mataruma ya mashua. Nyuma yake husimama mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyotanuka kama miguu ya kaa. Kisha huja muia na mkandaa, ambao gome lake lilisafirishwa ng'ambo enzi za Wajerumani kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Mkomafi una matunda makubwa kama mpira. Mchu ndio mvumilivu kuliko wote, huweza kukaa hata penye chumvi iliyokolea kiasi cha kuonekana juu ya majani yake.

"Mkijua mti unapokaa," alituambia, "mmekwisha kuupanda. Kuutia topeni ni kazi ya mtoto."

Siku ya pili, Jumanne, maneno yale yalijaribiwa. Msimamizi wa shughuli, kijana mwungwana aliyekuja na buti za mpira na ramani, alitupeleka kwenye uwanda wa tope ulio wazi, mbele ya milandege ya mililana, karibu na barabara. Palikuwa mahali pazuri kwa macho. Gari lingeweza kufika, turubai lingeweza kusimamishwa, na bango lingeonekana kutoka mbali. Tuliagizwa tunyooshe kamba na kuchomeka vijiti vya alama, hatua moja moja, tayari kwa siku ya kilele.

Bibi alikuja akasimama kando, ndoo ya chaza kichwani. Alipotutazama kwa muda akamwendea yule msimamizi.

"Mwanangu, hapo ni pa mlilana. Mkoko hapo haukai. Maji yanamlala kutwa, na mawimbi ya kusi yatamng'oa."

"Tumekusikia, mama," alijibu kwa heshima. "Ila mahali pamekwisha pangwa."

Nimekaa na jibu hilo miaka mingi, nalo halijanitoka kichwani. Halikuwa jibu la mtu mbaya. Yeye naye alikuwa na mkuu wake, na mkuu wake alikuwa na ratiba, na ratiba ilikuwa na mgeni rasmi ambaye hakuweza kupitishwa kwenye tope la magotini nyuma ya kijiji. Kila mmoja katika mnyororo ule alikuwa na sababu nzuri. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza sababu ya mti.

Jumatano, tarehe 5, sherehe ilifanyika. Ngoma zilipigwa, shule za msingi ziliimba, sisi wa sekondari tulikariri ngonjera tuliyoitunga wenyewe usiku bwenini. Mgeni alitarajiwa saa nne. Alifika saa saba. Bahari haikumngoja. Maji yalikuwa yamekupwa na kuanza kurudi, na hotuba zilipokwisha, karibu saa nane na nusu, uwanda wetu ulikuwa umeanza kujaa. Mgeni alipanda mche wake wa kwanza akiwa ameshikiliwa mkono asiteleze, akapigwa picha, akapiga makofi. Sisi tulikimbia na vikapu kuchomeka mbegu zilizobaki, maji yakitufika magotini, tukizisukuma bila kuziona zinaingia wapi. Kanuni ni kwamba thuluthi ya mbegu izame topeni, ncha chini. Siku ile yeyote aliyepata ncha chini alikuwa na bahati. Baadaye tulikula pilau, nayo kwa kweli ilikuwa nzuri.

Alhamisi asubuhi kengele ya shule, ile rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni, ililia kama kawaida. Mwalimu wa zamu aliuliza wako wapi wale arobaini wa mazingira. Tulijitokeza kumi na saba.

Sikuwalaumu waliobaki, na hata leo siwalaumu. Kupwa kwa maji husogea kila siku kwa karibu saa nzima, na kufikia Alhamisi tungeweza kusoma vipindi vyote na kwenda baharini saa nane mchana. Mwalimu wa hisabati alirudishiwa vipindi vyake. Lakini saa nane ndiyo iliyokuwa saa ya ugali na maharage, na aliyekwenda kijijini alirudi jioni sufuria zimekwisha oshwa. Kwa hiyo siku mbili za kwanza bahari ilikula masomo, na siku zilizofuata ilikula chakula. Kijana wa bwenini anajua kipi kinauma zaidi.

Pamoja na hayo, ile ndiyo siku iliyokuwa ya kujitolea kweli. Pilau ilikwisha liwa. Mgeni hakuwapo, wala hapakuwa na orodha ya majina. Msimamizi alikuwa amerudi mjini na turubai lake. Tulikuwa na vikapu vinne vya mbegu zilizosalia, na Bibi alikuwa akitungoja chini ya mbuyu kana kwamba alijua ni wangapi tutakaokuja.

Alitupeleka nyuma ya kijiji, ng'ambo ya hori dogo, mahali ambapo mikoko ilikuwa imekatwa kiasi cha kubaki uwazi wenye ukubwa kama wa viwanja viwili vya mpira. Visiki vilikuwa bado vimesimama, na matawi yaliyotupwa yalikuwa yamelala juu ya tope kama mifupa. Mahali pale ni pa juu kidogo, maji huchelewa kufika na hukaa muda mfupi. Tulipiga magoti tukaanza. Hakukuwa na kamba wala vijiti vya alama. Bibi alitembea mbele akionyesha kwa kidole cha mguu: hapa, hapa, hapo hapana, hapo pana shimo la kaa.

Tukiwa katika kazi, mjomba wangu alitokea njia ya horini, begani amebeba mzigo wa pau, shoka mkononi. Pale kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina moja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba." Aliutua mzigo, akafuta jasho, akatazama kwa muda mrefu. "Ndiyo kusema mnafukia nyayo zangu?"

Wenzangu walinyamaza. Mjomba alikuwa mkata boriti, kama alivyokuwa baba yake na babu yake. Alikuwa na kibali cha korija kadhaa, na mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali tangu enzi za ukoloni. Lakini kibali hakina macho, na wenye malori waliokuja kununua hawakuuliza korija ilitoka wapi. Fito, pau, boriti, nguzo: kila unene ulikuwa na bei yake. Kwa karne nyingi mbao hizo zilivuka bahari kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti ni haba, na zikaezeka nyumba za watu ambao hawakuwahi kuuona mkoko ukiwa hai. Hata dari ya nyumba tuliyolala sisi watoto ilishikiliwa na boriti alizozikata babu.

"Hapo ulipopiga magoti," mjomba aliniambia, bila ukali, "ndipo ilipotoka ada yako ya muhula huu."

Sikuwa na la kumjibu. Vitabu vya shule vilituambia kwamba mkata miti ni adui wa mazingira, na kwenye mabango ya siku iliyotangulia alikuwa amechorwa kijana mwenye shoka na macho mekundu. Mtu aliyekuwa mbele yangu hakufanana na mchoro ule. Alikuwa mtu mwenye watoto sita, mashua iliyooza, na mpwa mmoja aliyefaulu kwenda sekondari. Kumwambia aache kungekuwa kumwambia anifukuze shule kwa mkono wake.

Bibi ndiye aliyesema. "Babako alikata hapa maisha yake yote, na pakabaki msitu. Wewe umekata miaka minne, pamekuwa uwanja. Mwambie mjukuu wangu sababu."

Mjomba alichuchumaa. Alieleza polepole, akitazama tope. Zamani mkataji aliacha mti mmoja mkubwa wa mbegu kila baada ya hatua kadhaa, na hakurudi mahali pamoja mpaka alipoona miche imemfika begani. Matawi aliyakokota akayatoa, ili mbegu zinazoletwa na maji zipate tope la kukamata. Malori yalipoanza kuja, bei ilikuwa ya leo na dereva hakungoja. Aliyeacha mti wa mbegu alikuta jirani yake ameukata kesho yake. "Kuacha peke yako," alisema, "ni kumwachia mwenzio." Kisha akanyanyuka, akabeba pau zake, akaenda. Tulidhani amekasirika.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, alirudi. Hakuja na shoka. Alikuja na kamba na vijana wake wawili. Bila kusema neno walianza kuyakokota yale matawi makavu, wakiyatoa horini. Sisi tulifuata nyuma tukipanda palipofunguka. Jumamosi tulimaliza vikapu vyote, kisha tukaoga kisimani tope likiwa limetugandia hata nyuma ya masikio. Jumatatu tuliingia kwenye mtihani. Mwalimu wa hisabati, ambaye nilimdhani hana habari nasi, alikuwa ameweka swali la mwisho hivi: kiwanja cha urefu fulani na upana fulani, miche ipandwe kila baada ya mita moja, tafuta idadi ya miche. Wale kumi na saba tulitazamana.

Desemba ya mwaka ule, likizo, nilikwenda kijijini. Kwenye uwanda wa sherehe palikuwa na nguzo moja ya bango, imeinama, na ndege amekaa juu yake. Mche hata mmoja haukuwapo. Kusi lilikuwa limepita na kazi yake. Nyuma ya kijiji, zaidi ya nusu ya tulivyovipanda vilikuwa hai, vimesimama wima, kila kimoja na majani mawili au matatu ya kung'aa. Mjomba alinionyesha kwa kidevu, kama mtu asiyetaka kuonekana anajivuna. Alikuwa bado mkata boriti. Alikata kwingine, na aliendelea kukata mpaka mgongo ulipomkataza. Lakini pale hakurudi na shoka, na watoto wake walijua kwamba mbuzi hawapitishwi pale.

Sikusimulii haya ili nikuambie kwamba juma moja liliokoa pwani. Pwani haikuokolewa. Mashamba ya chumvi yamefyeka mikoko mingi, kuni na mkaa vimefyeka mingine, na kila mwaka tunasikia habari za maelfu ya miche iliyopandwa mbele ya kamera. Nasimulia kwa sababu katika juma lile niliona kazi ileile, tope lilelile, mikono ileile, ikifanywa kwa namna tatu. Shuleni ilifanywa kama adhabu, na miti ikachukiwa. Jumatano ilifanywa kama sherehe, na miti ikasahauliwa. Alhamisi ilifanywa na watu waliorudi, na miti ikaishi. Mti haukujua tofauti ya nia zetu, lakini nia ndiyo iliyoamua nani atakuja kesho.

Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliliona jambo hili mapema. Kina mama waliopanda miti katika vuguvugu lake walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Tofauti kati ya mche uliopandwa na mche ulioishi inaonekana ndogo kwenye karatasi. Topeni ni tofauti yote iliyopo. Anayelipwa kwa kupanda atapanda popote. Anayelipwa kwa kuishi kwa mti atauliza, kama Bibi, mti huu unakaa wapi.

Hata swali la mjomba limeanza kupata majibu. Ng'ambo ya mpaka, si mbali sana na Tanga, katika kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wa kutunza hektari 117 za mikoko. Mikoko hufyonza hewa ya ukaa na kuihifadhi, sehemu kubwa ikiwa chini, ndani ya tope lenyewe. Hifadhi hiyo hupimwa, kisha hati zake huuzwa kwa watu na mashirika ya ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao, na fedha zimetumika kwa mambo kama maji ya kijiji na mahitaji ya shule. Sidai kwamba njia hiyo inafaa kila mahali, wala kwamba haina maswali yake. Nasema tu kwamba huko, kwa mara ya kwanza, mti uliosimama umesaidia kumsomesha mtoto, jambo ambalo kwetu lilifanywa na mti ulioanguka. Mjomba wangu angelielewa jambo hilo bila semina.

Limebaki la shule. Tuliporudi kwa muhula wa pili, wale kumi na saba tulikwenda kwa mkuu wa shule kuomba ile safu ya mivinje, kutoka langoni hadi bwaloni, iwe yetu. Alitutazama kana kwamba tumeomba kuchapwa. "Na wakosaji," aliuliza, "nitawapa kazi gani?" Hakuwa anatania. Baada ya kufikiri alitupa nusu ya safu, nusu ikabaki ya wakosaji. Tuligawana miti, kila mmoja akajua wake. Tulipomaliza kidato cha nne, mgeni yeyote aliyepita pale angeweza kukuonyesha kwa kidole mahali nusu moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia.

Wapo walimu watakaosoma kurasa hizi. Kwao nina ombi moja dogo. Mkosaji mpeni adhabu muionayo inafaa, lakini msimpe mti. Mpeni mti aliyefanya vizuri, mumwache apende, maana mtoto huchukia kwa maisha yake yote kile alichopigiwa nacho magoti kwa fedheha. Na wapo wazazi ambao mtoto atawarudia siku moja viatu vimejaa tope, vipindi viwili vimempita, na mtihani uko karibu. Msimwulize amepanda miti mingapi. Idadi hiyo itatangazwa na wengine. Mwulizeni atarudi lini kuitazama. Akiwa na jibu, mnunulieni viatu vingine.